Saa za Tembo: Kinywaji na Kitoweo katika Pwani ya Ngomeni

Tembo la mnazi ndilo divai ya pwani ya Kilifi. Mgema hukwea mnazi asubuhi na jioni, akaichonga ncha ya karara changa kwa kotama, akatundika kibuyu chini yake, na maji matamu yakadondoka humo usiku na mchana. Wagiriama hukiita kinywaji hicho uchi wa mnazi. Mitaani Malindi na Mombasa watu husema mnazi tu, na msikilizaji hujua kwamba anayetaka mnazi hataki mti. Zabibu hazikulimwa katika mchanga huu, na divai yake ilipofika pwani ilishushwa kutoka melini. Hata hivyo swali wanaloliuliza wapishi wa Ulaya kuhusu divai, yaani kipi kinyweke na chakula gani, lilikwisha kupata jibu hapa kabla ya meli hizo kutia nanga. Jibu lenyewe lilitegemea mambo mawili: saa ya tembo, na watu walioketi kulinywa.

Ngomeni ni kijiji cha wavuvi kwenye rasi iliyo kaskazini ya Malindi na Mambrui, katika Magarini, kaunti ya Kilifi. Rasi hiyo inaikabili ghuba ya Ungwana, ambayo ramani za zamani ziliiita Formosa. Nyuma yake kuna mikoko na hori, na baada ya hapo mashamba ya chumvi yanayoelekea Gongoni na Marereni. Waswahili, Wabajuni na Wagiriama wanaishi pamoja, wengine wakitegemea nyavu na madema, wengine shamba na mifugo. Mvua huku ni haba kuliko kusini. Ukanda wenyewe wa minazi uko Rabai, Ribe, Kaloleni, Jibana na Chonyi; kadiri mtu anavyovuka mto Sabaki kwenda kaskazini ndivyo minazi inavyopungua na mikoma inavyoongezeka. Mkoma nao hugemwa, na tembo lake hunyweka. Kwa hiyo katika Ngomeni kitoweo kilikuwa kingi kuliko kinywaji, na tembo zuri la mnazi lilikuwa kitu cha kuletwa kutoka kusini, likishindana na jua njiani.

Mnazi una historia ndefu katika pwani hii. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika bahari ya Zanj mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba watu wake walikula mtama, ndizi, asali na nyama, na kwamba nazi zilipatikana kwa wingi visiwani. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya dunia ina asili mbili, moja ya Bahari ya Hindi na nyingine ya Pasifiki, na kwamba minazi ya Afrika Mashariki ina mchanganyiko wa asili zote mbili. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mabaharia kutoka visiwa vya Kusini Mashariki mwa Asia, wale wale walioacha lugha yao Madagaska, walipita na mbegu zao. Huko walikotoka watu wanagema mnazi hadi leo. Wafilipino huliita tembo lao tuba, nao hulitia magamba ya mkoko ili lisichachuke upesi na lipate rangi nyekundu na ukakasi. Mkoko unaotumika zaidi kwa kazi hiyo ni ule ambao Waswahili huuita mkandaa, na mkandaa umejaa katika hori za Ngomeni. Hapa magamba yake yalijulikana kwa kutia rangi, na mti wenyewe kwa boriti. Mti mmoja na kinywaji kimoja vilikuwepo katika pwani mbili za bahari ile ile, na kila pwani ikavitumia kwa njia yake.

Upande wa kitoweo, ushahidi wa kale unatoka kwa al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia katika Sisilia mwaka 1154. Yeye mwenyewe hakufika Malindi, lakini habari alizokusanya zilimwambia kwamba watu wa mji huo walikuwa wavuvi na wawindaji, na kwamba walitia samaki chumvi wakawafanyia biashara. Habari hiyo fupi ina uzito mkubwa. Inaonyesha kwamba karibu miaka 900 iliyopita kitoweo cha pwani hii kilikwisha kuwa cha chumvi na cha biashara, ndugu wa ng'onda na papa mkavu wa leo. Chakula cha aina hiyo kinadai kinywaji. Karibu karne mbili baadaye, mwaka 1331, Ibn Battuta alipita Mombasa akaona watu wakila zaidi ndizi na samaki. Mogadishu alikuwa amekaribishwa wali uliopikwa kwa samli, na pembeni yake mabakuli ya ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari, pilipili, tangawizi na maembe. Atakayeitazama sinia hiyo kwa makini ataiona kanuni inayotawala meza ya pwani mpaka leo: palipo na mafuta huwekwa kitu kichachu, na palipo na utamu huwekwa pilipili.

Tembo liliingia vizuri katika kanuni hiyo kwa sababu ya namna linavyogeuka. Maji yanayotoka kwenye karara yana sukari ya kiasi cha asilimia 12 hadi 15 na hayana kileo. Lakini mara tu yanapogusa hewa na kuta za kibuyu, hamira za porini na bakteria huyashambulia. Katika muda wa saa chache povu hupanda na tembo huanza kuchoma ulimi kidogo. Kabla ya siku kwisha sehemu kubwa ya sukari imekuwa kileo, kwa kawaida kati ya asilimia 4 na 6, na pamoja nacho uchachu umekua. Baada ya hapo bakteria wa siki huchukua zamu, na siku mbili tatu zikipita tembo halinyweki tena. Divai ya zabibu hupimwa kwa miaka. Mnywaji wa Bordeaux huuliza divai ilivunwa lini. Mnywaji wa Kaloleni huuliza liligemwa saa ngapi. Kiswahili kimehifadhi hatua hizo kwa maneno mafupi: tembo tamu, lile jipya, na tembo kali, lile lililokwisha kuiva. Kati ya hayo mawili kuna ngazi nyingi ambazo mgema na wateja wake huzijua kwa ulimi.

Usafi wa kibuyu ndio unaoamua mwendo wa saa hizo. Kibuyu kilichosuguliwa vizuri na kuoshwa huchelewesha uchachu. Kile chenye masalio ya jana huuharakisha, kwa maana masalio hayo ni mbegu ya hamira. Mgema mzuri anaweza kutoa tembo la aina mbili kutoka mnazi mmoja kwa kuchagua vibuyu tu. Na kwa kuwa bei ilifuata ubora, jaribu la kuongeza ujazo lilikuwepo siku zote. Methali inayosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji imekwisha kutumika kwa kila aina ya kazi, lakini mwanzo wake ni malalamiko halisi ya wanywaji. Tembo lililotiwa maji hupoteza uchachu wake, na likishapoteza uchachu halifai tena kando ya samaki mwenye mafuta.

Hapo ndipo saa ya tembo inapokutana na sufuria. Tembo tamu la asubuhi, lenye sukari nyingi, hupatana na vyakula vikavu visivyo na chumvi nyingi: muhogo wa kuchoma, viazi vitamu, mahindi. Watoto na wanawake wanaonyonyesha walipewa hilo bila haya, kwa kuwa lilihesabiwa kuwa halijawa pombe. Kufikia mchana, likiwa na povu, utamu kidogo na uchachu kidogo, linakaa vyema na vyakula vya tui. Tui la nazi hufunika ulimi kwa mafuta. Samaki wa kupaka, pweza wa nazi au kunde za nazi humfanya mlaji ahisi uzito baada ya matonge machache. Uchachu na povu huusafisha ulimi, na tonge linalofuata huwa kama la kwanza. Jioni, tembo likiwa kali, wakati wake ni wa vitoweo vyenye ladha nzito: papa mkavu, nyama ya mbuzi ya kuchoma, na matumbo yaliyokaangwa na pilipili.

Mutsunga unastahili nafasi yake peke yake. Ni mboga ya porini, katika Kiswahili mchunga, yenye majani machungu ambayo Wagiriama huyapenda sana na kuyala na sima, ambayo wao huiita wari. Uchungu wake ni ule unaowashinda wageni. Wapishi huupunguza kwa kuyachemsha majani na kuyamwaga maji, au kwa kuyatia tui. Mnywaji wa tembo huupunguza kwa njia nyingine: utamu uliobaki katika tembo la mchana huukabili uchungu huo, na vyote viwili hupungua makali. Walimu wa divai Ulaya huonya kwamba mboga chungu ni vigumu kuzipatia divai. Katika Magarini mboga chungu na kinywaji chake vilikua jirani, na hakuna aliyehitaji onyo hilo.

Kuna jambo moja ambalo halina mfano katika nchi za zabibu. Karara linalogemwa halizai nazi. Maji yanayodondoka kwenye kibuyu ndiyo ambayo yangelikuza tunda, na tunda hilo ndilo ambalo lingetoa tui la mchuzi. Kwa hiyo mwenye minazi alikuwa na uamuzi wa kufanya kila msimu: miti ipi ya kugema na ipi ya kuangua. Familia iliyogema yote ilikosa tui, mafuta ya kupikia na nazi kavu za kuuza. Iliyoacha yote izae ilikosa tembo la wageni, la mahari na la msiba. Kinywaji na kitoweo vilishindana juu ya mti kabla ya kukutana mkekani. Mvutano huo uliingia hata katika ndoa, kwa kuwa nazi za kupikia zilikuwa shughuli ya mke na tembo lilikuwa jambo la wanaume.

Jikoni kwenyewe tembo lilikuwa na kazi zaidi ya kunywewa. Kabla ya hamira ya pakiti kufika madukani, tembo lilitumika kuumua unga wa mchele na wa ngano, kama Wagoa wanavyofanya kwa mkate wao uitwao sanna na watu wa Sri Lanka kwa appa zao. Tembo tamu likichemshwa hadi lipungue hutoa shira nzito, asali ya tembo, inayotia utamu bila muwa. Na tembo lililoshindwa kunywewa halikumwagwa. Liliachwa likawa siki, na siki ikaingia katika achari ya embe na ya ndimu, kisha achari ikarudi mezani kando ya wali na samaki. Hivyo hata wale ambao dini yao iliwakataza tembo walilipata kwa sura nyingine, kwa kuwa siki ni halali.

Divai ya zabibu iliingia katika habari hizi mwaka 1498. Mwezi wa Aprili mwaka huo Vasco da Gama alitia nanga mbele ya Malindi. Mtawala wa mji alimpelekea kondoo sita na viungo: karafuu, bizari, tangawizi, kungumanga na pilipili. Wareno walikuwa na mapipa ya divai melini, ambayo kwao yalikuwa chakula cha kila siku cha mabaharia na hitaji la misa. Divai hiyo haikuota mizizi Malindi, lakini maneno yake yalibaki. Mvinyo ni vinho ya Kireno. Pipa ni pipa lile lile lililobeba divai hiyo. Kopo limetoka kwa copo, na meza, samani ambayo Wareno walilia na kunywea, imebaki na jina lake. Divai, neno la pili, lilikuja baadaye kutoka Kifaransa. Lugha imeweka kumbukumbu ya ni nani aliyeleta nini, na kwamba Kiswahili kinakopa jina la divai huku kina la kwake la tembo ni ushahidi tosha wa kipi kilikuwa cha nyumbani.

Mchango mkubwa zaidi wa Wareno katika mlo wa pwani ulikuwa shambani. Kwa njia zao mahindi, muhogo, nanasi, korosho na pilipili za kuwasha zilivuka kutoka Amerika. Kabla ya hapo sima ilikuwa ya mtama, uwele au wimbi, yenye rangi na ladha ya udongo. Mahindi yalichukua karne kadhaa kuishinda mitama hiyo, lakini yalipoishinda yalileta sima nyeupe, isiyo na ladha kali, inayoacha nafasi yote kwa kitoweo na kinywaji. Muhogo nao ukawa kitafunwa cha kwanza cha wanywaji, mpaka leo. Pilipili za Amerika zilibadilisha hesabu yote: kileo huongeza ukali wa pilipili, utamu huutuliza, na kwa hiyo tembo la mchana lilipata sababu mpya ya kupendwa.

Katika karne ya 19 Malindi, iliyokuwa imedidimia, ilifufuliwa chini ya Masultani wa Unguja. Kuanzia miaka ya 1860 mashamba makubwa ya nafaka na ufuta yalienea Malindi na Mambrui, yakilimwa na watumwa, na mazao yake yakasafirishwa Unguja na Arabuni. Wagiriama nao waliuza nafaka zao katika miji hiyo ya pwani, na miaka ya 1890 wengi wao walikuwa wamevuka Sabaki kwenda kaskazini, wakitafuta ardhi. Walipofika upande wa Magarini waliiacha nyuma minazi ya Kaya, makao yao ya kale, na ya ukanda wa kusini. Tembo likawa kitu cha kuagizwa au cha kubadilishwa na mkoma. Hata hivyo desturi za kulinywa hazikubaki kusini, kwa maana desturi hizo zilikuwa ndizo kanuni za kuketi pamoja.

Miongoni mwa Wamijikenda, ambao Wagiriama ni sehemu yao, tembo lilifuata utaratibu wa jamii kabla ya kufuata ladha. Mashauri ya wazee yalifunguliwa kwa kadzama, kipimo cha tembo ambacho mleta shauri aliwapa wazee, na ambacho leo mara nyingi hulipwa kwa fedha huku jina likibaki. Koma, yaani wafu wa ukoo, walimiminiwa tembo na kuwekewa chakula. Penye vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kwa kumbukumbu ya wanachama wa chama cha Gohu, chakula na tembo vilitolewa pamoja, kwa sababu aliyekula na kunywa na watu akiwa hai hakustahili kula peke yake akiwa amekufa. Katika hanga, siku za maombolezo, wageni walilishwa sima na nyama na kunyweshwa tembo, na ukarimu wa nyumba ulipimwa kwa vyote viwili. Chakula bila tembo kilionekana kama msiba wa maskini. Tembo bila chakula lilionekana kama fujo.

Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyehamia Rabai mwaka 1846 pamoja na Johannes Rebmann kufungua misheni, aliona tembo kuwa kizuizi cha kazi yake. Wazee walimsikiliza wakiwa na vibuyu vyao, na yeye akaandika juu ya ulevi. Mtazamo wake ulitokana na imani yake, na unastahili kuheshimiwa kama imani. Lakini kwa kuwa alitazama kibuyu peke yake, aliona kinywaji tu. Aliyetazama vizuri zaidi ni mwanaanthropolojia Mwingereza David Parkin, aliyefanya utafiti kati ya Wagiriama wa Kaloleni katika miaka ya 1960. Kitabu chake cha mwaka 1972 kinautaja mnazi, tembo na mashahidi katika jina lake lenyewe. Alionyesha kwamba minazi na mashamba yalipoanza kuuzwa kati ya Wagiriama, mkataba haukuandikwa. Wazee walikunywa tembo la mauzo na kuwa mashahidi, na miaka ikipita, penye ugomvi, ushahidi wa waliokunywa ndio ulioamua minazi ni ya nani.

Parkin aliona jambo jingine ambalo ni la maana sana kwa historia ya meza. Baadhi ya vijana waliokuwa wakijipatia minazi mingi waliugua, waganga wakasema wamepagawa na pepo wa Kiislamu, na tiba ikawa kuingia Uislamu. Mwislamu wa namna hiyo hakuweza tena kunywa tembo wala kula nyama isiyochinjwa kwa halali. Kwa hiyo alijitoa katika karamu za jirani na katika madeni ya kukirimu yanayofuatana nazo, na mali yake ikasalimika. Yeye aliendelea kuliuza tembo bila kulinywa. Mfano huu unaonyesha nguvu ya kula na kunywa pamoja: kujitenga na kibuyu kulikuwa njia ya kujitenga na jamii, na ilihitaji pepo mwenye dini yake ili jambo hilo likubaliwe.

Katika Ngomeni meza hizo mbili ziliishi katika kijiji kimoja. Kwa Waswahili na Wabajuni wa huko, ambao ni Waislamu, mlo wa samaki hufuatana na madafu, maji ya ukwaju au sharubati ya ndimu, na baada ya mlo hufuata kahawa chungu kutoka birika la shaba. Kahawa hiyo haitiwi sukari; utamu wake uko nje ya kikombe, katika tende, kashata au halua inayotafunwa kati ya mafunda. Ni mpango uliofikiriwa vizuri, na kanuni yake ni ile ile ya tembo na mutsunga, ila imegeuzwa: hapa kinywaji ndicho kichungu na kitafunwa ndicho kitamu. Ukwaju una uchachu wa kutosha kukata mafuta ya tui, na tangawizi katika kahawa huondoa shombo la samaki kinywani. Hivyo mahitaji ya ulimi yalikuwa yale yale pande zote mbili, na dini iliamua tu ni kikombe gani kitakachoyatimiza.

Divai ya zabibu ilirudi na watalii. Katika miaka ya 1930 hoteli za kwanza za Wazungu zilifunguliwa ufukweni Malindi, zikawapokea walowezi wa bara waliokuja kuvua samaki na kupumzika. Lakini tukio lililobadilisha meza ya eneo hili lilitokea Ngomeni yenyewe. Mhandisi wa Kiitaliano Luigi Broglio aliichagua ghuba ya Ungwana, karibu na ikweta, kuwa mahali pa kurushia setilaiti, na katikati ya miaka ya 1960 majukwaa ya San Marco na Santa Rita yalisimikwa baharini mbele ya rasi. Setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa uchunguzi wa mionzi ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina la Uhuru. Urushaji ulikoma mwaka 1988, lakini kituo kingali pale, na sasa kina jina la Broglio.

Wahandisi na mafundi wa Kiitaliano walikuja na mlo wao, na baada yao wakaja watalii na wawekezaji wa Kiitaliano, mpaka Malindi ikajaa mikahawa yao na wakazi wengi wakajua Kiitaliano. Kamba na kaa wa ghuba ya Ungwana, ambao zamani walipikwa kwa tui na pilipili, wakaingia katika tambi, kwa kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Pamoja nao ikaja kanuni ya Kiitaliano kwamba samaki na divai nyeupe ni marafiki. Kanuni hiyo ina msingi wa kikemia. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba chembe za madini ya chuma, ambazo aghalabu huzidi katika divai nyekundu, ndizo zinazoamsha shombo la samaki mdomoni. Divai nyekundu ina pia ukakasi wa maganda ya zabibu, ambao hugombana na chumvi ya bahari. Divai nyeupe ina uchachu na haina ukakasi huo. Sifa hizo mbili ndizo za tembo la mchana. Mpishi wa Kigiriama aliyefundishwa katika hoteli kumimina divai nyeupe kando ya kamba alikuwa anafundishwa, kwa jina jingine, jambo ambalo nyumba yake ililijua.

Tembo lenyewe halikukaribishwa katika hoteli hizo, na kwa sehemu kubwa sababu ilikuwa sheria. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeliweka tembo chini ya leseni, na baada ya uhuru mkono wa polisi haukulegea. Mwaka 1980 Kenya ilipitisha sheria kali dhidi ya chang'aa, pombe inayokenekwa, na hali ya wasiwasi iliyofuata iliwagusa pia wagema, ingawa tembo halikenekwi. Mangwe, vibanda vya kunywea mnazi, vilijificha nyuma ya nyumba. Humo utaratibu wa zamani uliendelea kwa kiasi chake: mwenyeji huonja kwanza, mboko ya kunywea na mrija hupokezanwa, na kando huwa na samaki wa kukaanga, muhogo, au vipande vya nyama kwenye mshikaki. Mwaka 2007 serikali ilianzisha mamlaka ya kuendeleza zao la mnazi, na majaribio ya kulitia tembo chupani yakafuata. Ugumu wake uko wazi: kulihifadhi tembo kunahitaji kulichemsha ili hamira ife, na hamira ikifa tembo hubaki katika saa moja tu, ile lililoifikia wakati wa kuchemshwa, bila povu lililofanya kazi yake kando ya tui.

Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 ilifuta ile ya 1980 na kufungua mlango kwa vinywaji vya kienyeji vinavyotimiza masharti. Iliweka pia saa za kuuza: siku za kazi baa hufunguliwa saa 11 jioni na kufungwa saa 5 usiku, na mwishoni mwa juma hufunguliwa saa 8 mchana. Kwa bia na divai, ambazo hukaa chupani bila kubadilika, saa hizo hazibadilishi ladha. Kwa mnazi zinabadilisha kila kitu. Lile lililoteremshwa alfajiri Kaloleni, likaingia pikipiki na kufika Magarini kabla ya adhuhuri, linapita saa yake ya tui likiwa bado ndani ya jerikeni, na linapouzwa kihalali siku ya kazi limekwisha kuwa kali. Wauzaji wa vitafunwa wamefuata badiliko hilo. Jioni katika barabara ya Gongoni na Ngomeni, wavuvi wanaporudi na wachimba chumvi wanapotoka kazini, kinachouzwa zaidi kando ya mnazi ni samaki mkavu na nyama ya kuchoma yenye ndimu na pilipili, vitoweo vya tembo kali; kunde za nazi na pweza wa tui hupikwa nyumbani.